Hundi ikidunda, mwandikaji afungwe?

Hundi ni amri. Mwenye akaunti anaiagiza benki yake imlipe mtu fulani kiasi fulani, na benki inawajibika kwa mteja wake huyo, si kwa aliyeishika karatasi. Ndiyo maana anayerudishiwa hundi dirishani, imegongwa mhuri wa kumtaka amrudie mwandikaji, hupoteza pumzi bure akimgombeza karani. Wa kudaiwa ni yule aliyetia saini.

Kabla ya kumwita mtu huyo tapeli, soma sababu iliyoandikwa. Salio pungufu ni moja tu kati ya nyingi. Saini inaweza kuwa haifanani na ile iliyoko benki, au hundi imekaa hadi ikachacha, au maneno na tarakimu vinapishana. Katika hilo la mwisho, sheria ya Uingereza ya 1882 inasema maneno ndiyo yanayoshika, lakini benki nyingi huirudisha tu.

Ubishi mkali uko kwenye salio. Je, kutoa hundi isiyo na fedha kuwe jinai?

India inasema ndiyo. Kifungu cha 138 cha sheria yao ya 1881, kilichoanza kutumika 1989, sasa kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 2, au faini isiyozidi mara mbili ya kiasi cha hundi, au vyote pamoja. Mdai anapewa siku 30 tangu benki imjulishe ili atoe notisi, na mwandikaji ana siku 15 za kulipa kabla ya kushtakiwa. Hoja yao naielewa vizuri. Mtu aliyetoa mzigo wake akapokea karatasi hana kingine mkononi ila imani, na bila woga wa jela wajanja wangeandika hundi kama wanavyoandika salamu. Ila angalia matokeo: kufikia 2020, kesi za aina hii zilizokwama mahakamani India zilipita milioni 3. Jela haikumharakishia mdai pesa yake.

Tena kuna hundi za tarehe za mbele. Mkopeshaji anadai kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, akijua fika kwamba leo akauntini hamna kitu. Mkopaji anazisaini zote kwa mkupuo. Mwezi wa saba kazi inaota mbawa. Hapo nani kamdanganya nani? Kumfunga huyu ni kumfunga kwa deni, na aliye ndani hafanyi kazi akalipa.

Falme za Kiarabu zilikuwa maarufu kwa kufunga watu namna hii, zikabadilika Januari 2022. Sasa salio pungufu peke yake si kosa la jinai, na benki inalazimika kulipa kile kilichopo. Hundi ikiwa ya 1,000 na salio ni 900, mpokeaji anaondoka na 900 badala ya mikono mitupu. Kwa zile 100 zilizobaki, hundi inahesabiwa kama hukumu iliyokwisha kutolewa: anakwenda moja kwa moja kuomba ikazwe, yaani itekelezwe. Ufaransa nayo humzuia mwandikaji asiandike hundi kwa hadi miaka 5 asipolipa.

Mimi naegemea njia hii, kwa sharti moja zito. Ukiondoa jela ukamwachia mdai kesi ya madai ya miaka minne, umemwibia kwa mara ya pili. Njia ya mkato ya kukaza hukumu na malipo ya sehemu lazima vitangulie. Adhabu ilegezwe baadaye.

Na jela isifutwe yote. Aliyefunga akaunti Jumatatu akaandika hundi Jumanne hakuishiwa pesa. Huyo aliandika akijua, na huko Falme za Kiarabu bado anashtakiwa.