Marehemu Hashiki Maka Peni

Jumapili moja kwenye soko la vitu vya kale hapa Ontario, muuzaji alinitolea picha ya Howie Morenz, yule nyota wa zamani wa timu ya hoki ya barafuni ya Montreal Canadiens, imesainiwa kwa wino mweusi mnene unaong'aa. "Ina cheti cha kuthibitisha saini," akaniwahi, hata bei sijauliza. Nikacheka kimoyomoyo. Morenz alifariki mwaka 1937. Maka peni za Sharpie zilianza kuuzwa 1964. Hata hizi peni za gololi tunazoandikia kila siku hazikuingia madukani Marekani mpaka Oktoba 1945. Sasa huyu marehemu alifufuka lini?

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu tunaokusanya kumbukumbu za hoki ya barafuni. Mtu anakikagua cheti nusu saa, saini yenyewe anaitupia jicho mara moja. Aliyeweza kughushi saini ya mchezaji maarufu kama Gordie Howe atashindwaje kuchapa cheti chenye nembo ya dhahabu? FBI, wapelelezi wa Marekani, walipowafuatilia walaghai hawa miaka ya 1990, katika msako walioupa jina la Operation Bullpen, walikuta saini za bandia na vyeti vya bandia vya kuzisindikiza.

Mimi naanza na lenzi. Saini iliyochapwa pamoja na picha huonekana vidoti vidoti. Ya mkono ina mahali wino uliporundikana kalamu iliposita, na mahali ulipofifia mkono ulipokimbia. Peni ya gololi huacha mfereji kwenye karatasi. Ilaze picha chini ya taa iliyoinama, utauona. Anayeghushi huchora polepole, mistari yake inatetemeka kama ya mtoto wa chekechea. Magongo yenye saini za timu nzima ndiyo nayaogopa zaidi, maana haikuwa ajabu mtu mwingine wa klabu kuwasainia wachezaji waliochoka.

Na ile picha iliyoandikwa "Kwa Jim", ambayo wachuuzi huishushia bei? Nipeni mimi. Tapeli anayetafuta hela ana haja gani ya kumtaja Jim, wakati Jim anamfukuzia wateja?

Kwenye kutunza, lakini, sina ubavu wa kumcheka mtu. Jean Béliveau, nyota mwingine wa Canadiens, alisaini kwa mwandiko mzuri, kila herufi inasomeka. Picha yake niliyokuwa nayo, ya peni ya bluu, niliitundika sebuleni mkabala na dirisha ili wageni waione. Majira ya joto matatu tu, wino ukapauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Rafiki yangu akanishauri niupitishie wino mpya juu yake. Jamani! Saini ikishapitishiwa mkono wangu, ya Béliveau iko wapi?

Sasa imo kwenye bahasha ya plastiki ya poliesta, ndani ya boksi lisilo na asidi, kabatini. Plastiki laini za PVC nimezitupa, hutoa jasho na kugandana na picha. Darini kuna joto, na chumba cha chini ya nyumba kina unyevu kiangazi chote, kwa hiyo huko sipeleki kitu. Laminesheni ndiyo usiniambie kabisa.

Mgeni akiomba kuiona, nazima taa kubwa, nainamisha ile ndogo ya mezani. Bluu karibu imekwisha, lakini mfereji wa kalamu bado upo, kuanzia ile B mpaka mwisho.