Kamkar: sifa wapeni kwa ngoma ya dafu, siyo kwa damu

Kila nikiona watu wanajadili lile kundi la muziki la Kamkar la kule Sanandaj, Kurdistan ya Iran, sifa ni zile zile tu, oh ndugu wa tumbo moja, damu moja, ndo maana wanaelewana jukwaani. Jamani, ndugu wangapi tunawajua hawawezi hata kugawana shamba bila kupelekana mahakamani! Hawa wanaelewana kwa sababu mzee wao, Hassan Kamkar, aliwafundisha muziki tangu wadogo, na kila mtu ana ala yake, Pashang na Ardavan wako kwenye santur, yale manyuzi yanayogongwa kwa vijiti vyepesi, Arsalan anapiga udi, Qashang dada yao pekee kati ya kaka saba ana setar, ala ya nyuzi za kudonoa, na Ardeshir anapiga kamancheh, ile ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Huyu mwangalie vizuri, ala kaisimamisha juu ya goti na akitaka kuhamia waya mwingine haugeuzi upinde, anaizungusha ala yenyewe.

Ila kwangu mimi kazi kubwa kuliko zote kaifanya kaka yao Bijan, mpiga dafu. Dafu (ngoma hiyo, siyo la nazi) kule kwao lilikuwa la kwenye zikri, la masufi wa Qadiriya (watu wa Zanzibar na Bagamoyo tariqa hiyo si mnayo, na dufu la maulidi mnalijua), halikuwa la kukaa na wanamuziki wa Kiajemi wenye heshima zao. Yeye miaka ya 70 akaliingiza humo. Ni duara kubwa la mbao na ngozi, ndani limezungushiwa pete za chuma, kwahiyo akilitikisa kabla hata ya kupiga unasikia ule mvumo wa chuma unapanda, halafu ndo kiganja kinashuka, na ukijumlisha na nyimbo za Kikurdi za harusini hapo kukaa kwenye kiti ni mtihani.

Kinachonikera ni kwamba televisheni ya taifa ya Iran haionyeshi ala za muziki, wimbo unapigwa we unaonyeshwa maua na maporomoko ya maji. Kamkar hao hao mwaka 2003 walipiga Oslo kwenye tamasha la Nobel ya Amani, mwanasheria wa Iran Shirin Ebadi alipoipata, dunia ikawaona, halafu nyumbani kwao unaonyeshwa waridi!

Kuna wanaosema dafu limeharibiwa kutolewa kwenye zikri. Mi sikubali, zikri ipo palepale na dafu lake lipo. Malalamiko yangu ni mengine, siku hizi karibu kila kundi la Iran lazima liweke dafu hata wimbo wenyewe wa taratibu haulitaki, wengine wanapanga madafu mstari mzima wanapiga kama mvua ya bati, sauti ya mwimbaji huisikii tena. Bijan mwenyewe anajua pa kunyamaza.