Gwanda la Kitaya na gwanda la 2013

Basi letu la kutoka Tandahimba kwenda Mtwara mjini lilisimamishwa kwenye kizuizi cha askari, tukateremka wote. Mzee aliyekaa mbele yangu hakuwa na kitambulisho cha taifa. Alitoa kadi ya mpiga kura, picha imefutika nusu. Askari akaigeuza geuza. "Mwenyekiti wa kitongoji chenu nani?" Mzee akamtaja, akamtaja na mtendaji wa kijiji ambaye hakuulizwa. "Haya, panda baba." Tulipoondoka, mama mwenye kiroba cha korosho akasema Mungu awabariki vijana wale, bila wao asingekuwa anapata usingizi. Kijana wa siti ya nyuma akaguna: "Mimi niliwaona 2013." Hakuongeza neno.

Wote wawili, mama na kijana, wana ushahidi.

Uasi wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ulilipuka Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2020, washambuliaji wakavuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, upande wetu, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Ulikuwa msimu wa korosho, wakati ambao wengi hulala mashambani kulinda mali yao. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, ng'ambo ya pili. Wamakonde wako kingo zote mbili za mto, wanaoana, wanazikana. Anayebisha hodi usiku anaweza kuwa shemeji au anaweza kuwa mwingine. Ukimwambia mama yule habari za haki ya faragha, atakuuliza kwanza nani analinda mikorosho yake.

Kijana naye anakumbuka Mei 2013. Wizara ya nishati ilisoma bajeti bungeni, ikathibitisha kwamba bomba la gesi kwenda Dar es Salaam litajengwa, na mji wa Mtwara, uliokuwa ukisema "gesi haitoki", ukawaka moto. Mali ziliharibiwa, watu walikufa, jeshi likaingia mitaani. Vurugu zile zilihitaji kuzimwa, sibishi. Lakini swali lililozizaa, nani anufaike na gesi na kwa kiasi gani, lilikuwa la siasa. Likishaitwa la usalama, anayeliuliza hugeuka mtuhumiwa. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo ya korosho, Rais Magufuli aliagiza zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Wengi tulishangilia, mimi nikiwemo. Hatukujiuliza imekuwaje hadi bei ya zao imfikie mwanajeshi.

Wapo wanaosema nchi za kiliberali zimelimaliza jambo hili la usalama kumeza haki na siasa, kwa mahakama na mabunge. Zimelimaliza nusu. Marekani ilipitisha sheria yake ya Patriot, ya kupambana na ugaidi, siku 45 tu baada ya Septemba 11, 2001, lakini baadhi ya vifungu vilipewa tarehe ya kufa. Kwa hiyo Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za ujasusi wa Marekani, alipofichua mwaka 2013 jinsi rekodi za simu za raia zilivyokuwa zikikusanywa kwa jumla, Bunge lao halikuweza kukaa kimya: 2015 kifungu kilichotumika kuzikusanya kilifika ukomo, na ukusanyaji ule ukasimamishwa. Uingereza, Desemba 2004, majaji wa juu walisema kuwafunga wageni bila kesi na bila kikomo kunavunja haki zao. Serikali ikaja na amri za kuwabana watu majumbani mwao. Ufaransa ndiyo inanitisha zaidi. Hali ya dharura ya Novemba 2015 iliongezwa mara sita, na ilipokoma Novemba 2017, mamlaka yake mengi yalikuwa yameshahamishiwa kwenye sheria ya kawaida. Dharura iliisha kwa jina.

Kwetu, Ibara ya 32 ya Katiba si dhaifu. Tangazo la hali ya hatari hufa siku ya 14 Bunge lisipoliidhinisha kwa theluthi mbili, na likiidhinishwa lina miezi sita, kisha liombewe tena. Ila 2013 halikutangazwa, na 2020 halikutangazwa. Hakukuwa na haja. Sheria za kawaida, ile ya kuzuia ugaidi ya 2002 ikiwemo, zinatosha, nazo hazina miezi sita.

Afisa mmoja mstaafu niliyemweleza kwamba mamlaka ya usalama yanapaswa kuwa na ukomo alinijibu kwamba adui hana kalenda, na ukimtangazia tarehe atajificha aisubiri. Hoja nzito, uasi wa Cabo Delgado wenyewe umekula miaka. Lakini ukomo haumwondoi askari mpakani. Unamlazimu mkubwa wake arudi kuomba upya na kueleza amefanya nini na alichopewa. Kwa Kitaya angepewa asubuhi ile ile. Kwa gesi na korosho, angetakiwa kwanza aeleze adui ni nani.

Mzee alishukia Mnivata. Kabla ya kuteremka aliifunga kadi yake kwenye nailoni, akaitia mfuko wa shati badala ya mkoba. Jioni atarudi kwa njia ile ile, alisema.