Mwani hautokomezwi kwa kumwaga maji yote

Inakera sana! Mtu akiona kioo cha tangi la samaki kimeota mwani, anamwaga maji yote na kusugua kila kitu, hadi sponji ya chujio anaiosha kwa maji ya bomba yenye klorini. Hapo kashaua bakteria wanaosafisha maji. Amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, inapanda, samaki wanahemea juu, na mwani unarudi palepale kwa sababu taa bado inawaka saa 14 kwa siku.

Punguza mwanga kwanza: saa 6 hadi 8 zinatosha, na tangi likae mbali na jua la dirishani. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika 2, maana kinachozama na kuoza ndicho mbolea ya mwani. Kila wiki badilisha robo ya maji, ukinyonya uchafu kwenye changarawe kwa mpira wa maji. Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi.

Maji yenyewe yakiwa ya kijani, kusugua kioo ni kazi bure. Mwani huo unaelea. Zima taa, funika tangi siku 3, pampu ya hewa iendelee kufanya kazi, kisha badilisha nusu ya maji, kwani mwani unaokufa unaoza na kumaliza oksijeni.