Alama za sosholojia ya utangulizi: uzito uwe kwenye mtihani au kwenye insha?

Katika kozi ya utangulizi ya sosholojia, malalamiko ya alama huja mapema, siku insha ya kwanza inaporudishwa. Mwanachuo ameandika kurasa tatu kuhusu umaskini, lugha imenyooka, aya zimepangika, lakini juu ya karatasi anakuta 48. Anauliza: haya ni mawazo yangu, yamekosewaje? Swali lake ni la haki. Mihtasari mingi ya kozi hutaja idadi ya kazi na tarehe za kuziwasilisha, lakini haisemi kwamba somo hili halipimi maoni. Linapima iwapo mtu anaweza kuchukua dhana, akaielewa barabara, kisha akaitumia kueleza ushahidi ulio mbele yake.

Mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliionyesha tofauti hiyo vizuri mwaka 1959. Katika mji wa watu 100,000, alisema, akikosa kazi mtu mmoja tu, hilo ni tatizo lake binafsi: tutaangalia tabia yake, ujuzi wake na nafasi alizonazo. Lakini katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakiwa hawana kazi, hilo ni suala la umma, na jibu lake halipatikani kwa kukagua tabia ya mtu mmoja mmoja. Mwanachuo anayeandika "vijana hawana kazi kwa sababu hawajitumi" amebaki upande wa kwanza ilhali takwimu alizopewa ni za upande wa pili. Alama zake zimepotelea hapo. Kwa kipimo hichohicho, anayekubaliana na msimamo wa mhadhiri bila kutumia dhana yoyote anastahili alama za chini, na anayempinga huku akiitumia dhana ya utabaka (mgawanyiko wa jamii katika matabaka) kwa usahihi anastahili za juu. Msahihishaji anayeshindwa kufanya hivyo ndiye mwenye kosa.

Je, ni kipimo gani kinachoukamata uwezo huo? Wapo wanaotaka mtihani wa mwisho ubebe asilimia 60 au zaidi, na wapo wanaotaka kazi za muhula zibebe karibu alama zote.

Upande wa mtihani una hoja nzito. Wote wanajibu maswali yaleyale, kwa muda uleule, kila mmoja kwa mkono wake. Aliye na ndugu msomi wa kumrekebishia insha hapati nafuu kumzidi asiye naye. Programu za kompyuta zinazotunga maandishi zimeiongezea hoja hii nguvu, kwa sababu insha iliyoandikwa chumbani haithibitishi tena kwa urahisi ni nani aliyefikiri. Mtihani pia humlazimu mtu apitie kozi nzima, kuanzia ujamiishaji (jinsi mtu anavyojifunza kuishi katika jamii yake) hadi mabadiliko ya jamii, badala ya kuchagua mada mbili tu zinazomfaa.

Udhaifu wake unatokana na maswali yanayotungwa. "Taja na ueleze mitazamo mitatu mikuu ya sosholojia" ni swali la kukariri. Mtu atajaza aya moja ya uamilifu (kila sehemu ya jamii ina kazi yake), moja ya nadharia ya mgogoro (makundi hugombania mali na madaraka), moja ya mwingiliano wa kiishara (watu hujenga maana wanapohusiana), apate 70 bila kujua kuutumia hata mmoja. Swali zuri humpa jedwali dogo linaloonyesha wanaoacha shule kwa kila ngazi ya kipato cha wazazi, kisha humtaka afanye mambo matatu: aeleze jedwali linasema nini, alifafanue kwa mitazamo miwili, na ataje ushahidi ambao ungemfanya aukatae mmojawapo. Kipengele cha tatu ndicho kinachowatenganisha walioelewa na waliokariri. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Émile Durkheim, alifanya kazi ya namna hiyo mwaka 1897: alilinganisha viwango vya watu kujiua katika makundi mbalimbali, na kabla ya kuhitimisha kwamba nguvu ya mshikamano wa kijamii inahusika, alizipitia kwanza sababu nyingine zilizokuwa zikitajwa, kama hali ya hewa na urithi.

Upande wa kazi za muhula unasema stadi ya kuandika kisosholojia haijengeki ndani ya saa tatu. Hujengeka kwa kuandika, kukosolewa na kuandika tena. Hilo ni kweli kwa sharti moja, ambalo mara nyingi hukosekana: insha ya kwanza irudi kabla ya ya pili kuandikwa. Tupige hesabu. Darasa la watu 60, insha tatu kila mmoja, dakika 15 kwa insha, ni saa 45 za kusahihisha. Darasa likiwa la 200, ni saa 150. Msahihishaji mmoja hazimalizi kwa wakati, kwa hiyo karatasi hurudi zote kwa mkupuo mwishoni mwa muhula, maoni ya pembeni hayana tena wa kuyatumia, na kinachobaki ni mitihani midogo mitatu isiyosimamiwa. Darasa kubwa bila wasaidizi lifanye insha mbili zinazorudi ndani ya wiki mbili.

Mwongozo wa usahihishaji nao una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa insha ya alama 20, mgawanyo unaofaa ni 6 za usahihi wa dhana, 6 za ushahidi, 5 za jinsi hoja inavyoviunganisha viwili hivyo, na 3 za lugha na marejeo. Bila mgawanyo huo lugha humeza kila kitu: anayeandika kwa madaha hupata 16 hata kama amechanganya hadhi (nafasi ya mtu katika jamii) na dhima (mambo anayotarajiwa kuyafanya katika nafasi hiyo), na mwenye sarufi dhaifu hupata 9 hata kama hoja yake imekaa sawa. Wakiwa wasahihishaji wawili, kila mmoja asahihishe peke yake insha 10 zilezile kabla ya kugawana zilizobaki. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama 2, warudi kwenye mwongozo wakubaliane maana ya kila kipengele. Mtihani nao usahihishwe swali kwa swali kwa darasa zima, majina yakiwa yamefichwa, ili jibu zuri la swali la kwanza lisimbebe mtu hadi la nne.

Alama za ushiriki darasani ni eneo lenye utata, na hapa wanasosholojia wanapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine. Kuongea mbele ya watu kunategemea jinsia, lafudhi, malezi na shule mtu alizotoka. Ukihesabu mara alizonyosha mkono, tofauti zilezile ambazo kozi inazichunguza ndizo unazozipa alama. Afadhali kila kipindi kiishie kwa dakika tano za kuandika sentensi tatu: dhana ya leo, mfano mmoja, swali lililobaki. Mkimya na msemaji hapo wako sawa, na mhadhiri anajua kesho aanzie wapi.

Wanachuo nao mara nyingi hawasomi uzito wa kila kazi. Chukua mgawanyo huu, ambao kwa maoni yangu unafaa darasa la watu 60: insha tatu asilimia 40 (10, 15 na 15), majaribio mafupi 10 yenye jumla ya asilimia 15, maandishi ya mwisho wa kipindi asilimia 10, mtihani wa mwisho asilimia 35. Mtu ambaye kwa kawaida hupata asilimia 80 kwenye majaribio akikosa moja, amepoteza alama 1.2 za jumla. Lakini anayepata 70 kwenye insha asipowasilisha moja ya zile za 15, amepoteza 10.5, aliyekuwa anaelekea 70 anaishia 59.5. Wapo wanaokesha kwa ajili ya jaribio huku insha ikiwasubiri.

Kuchelewa kunahitaji hesabu hiyohiyo. Sifuri ya papo kwa hapo ni rahisi kuisimamia, lakini inaadhibu saa moja sawa na mwezi mzima. Kukata asilimia 5 ya alama kamili kwa kila siku, hadi siku tano, kunaacha sababu ya kumaliza kazi: insha ya 70 iliyochelewa siku tatu inabaki na 55, yaani alama 8.25 kati ya 15. Wanaopinga wanasema utaratibu huo unawazoesha watu ulegevu na kuvuruga ratiba ya usahihishaji. La ratiba nalikubali, na ndiyo maana baada ya siku ya tano mlango ufungwe. Kuhusu ulegevu, aliyechelewa siku tatu amelipa alama 15 kati ya 100. Hilo si jambo dogo kwake.

Nisichoweza kukitetea ni kupanga mapema kwamba asilimia fulani tu ya darasa ndiyo itakayopata A. Kozi hii inawataka wanachuo wajadiliane, wasomeane rasimu, wakosoane. Nafasi za A zikiwa na kikomo, kumsaidia jirani ni kujipunguzia alama. Kama darasa zima limefikia kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo, wapewe wote. Na kama kiwango kilikuwa chepesi, mwongozo ndio wa kurekebishwa kabla ya muhula ujao kuanza.