Mgogoro wa Shamba, Mwanjelwa

Mimi nina kilo 91. Nazitaja mapema ili aibu yenyewe ipimwe vizuri.

Mjomba alirudi kutoka Dar na tangi la kioo la kupambia saluni yake hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ndani yake samaki mmoja wa baharini, mweusi wa kijivujivu, urefu wa kidole changu cha kati. Alisafiri kwa basi ndani ya mfuko wa maji na hewa, na kuanzia Makambako akafunikwa blanketi, maana baridi ya kule haichagui. Tangi lina hita. Maji yake ni ya chumvi maalumu, gramu 35 kwa kila lita. Wateja wakanuna: samaki anapashiwa maji, sisi tunanyolewa kwa maji ya Juni!

Wiki ile Mjomba akaenda msibani Tukuyu. Akaniachia funguo na agizo moja: "Mjomba, lile jiwe usiliguse."

Jumamosi saluni imejaa. Kitini yupo mzee mwenye nyumba, shavu moja tayari, jingine povu. Nikatupa jicho tangini. Kote kweupe, ila jiwe limeota manyoya ya kijani kama sufuria iliyosahaulika nje. Wageni watatuonaje? Nikakunja shati, nikachukua kijiko cha chai, nikaanza kukwangua.

Kumbe bwana yule ni mkulima. Huko kwenye matumbawe wenzake kila mmoja ana kiploti chake cha mwani. Asioupenda huung'oa kwa mdomo na kuutupa nje ya mpaka, na anayeingia shambani hutimuliwa, hata awe mzamiaji mzima na mitungi yake. Na mimi ndiyo kwanza nafyeka mazao.

Alikuja kama jiwe la manati. Ta! kwenye kifundo cha mkono. Hakuuma kitu, nasema kweli. Kilichoniumiza ni mbio zangu. Yowe lilimfikia muuza maparachichi ng'ambo ya barabara, kiwiko kikakumba beseni, beseni likammwagikia mzee, nami chini pwaa, juu ya nywele za watu. Kijiko kikabaki jiweni. Samaki akakizunguka, akakidonoa, akakizunguka tena.

Mzee akafuta maji usoni, akaangalia tangi muda mrefu.

"Kijana, hilo shamba ulimwomba mwenyewe?"

"Hapana, mzee."

"Haya. Malizia shavu."

Kijiko bado kimo tangini. Chai tunakoroga kwa kitana kipya.