Starehe ya Mita 3,400

Mimi nimezaliwa Chome, Upare ya Kusini, ubavuni mwa mlima Shengena. Kwetu ukidondosha chungwa mlangoni, linakwenda kuokotwa Makanya. Nilisoma kwa bidii kwa sababu moja tu: niachane na kupanda. Nikawa mwalimu wa Jiografia, nikachora milima ya Andes ubaoni kwa chaki miaka 31, nikastaafu, nikajenga Kigamboni kwenye mchanga, pahali ambapo kitu pekee kinachopanda ni bei ya vitu.

Sasa binti yetu Neema, yuko Toronto kikazi, kapiga simu. Saa kumi alfajiri, maana kwake ni saa tatu usiku, na kwa watoto wa siku hizi mzazi halali.

"Shikamoo baba. Mwaka huu ndoa yenu inatimiza miaka 30. Nawalipia safari ya Amerika Kusini, siku tisa, kila kitu cha hadhi ya juu. Miji na magofu. Panga wewe baba, si ndiyo masomo yako?"

Nikaitikia marahaba, nikawa natafuta namna ya kumwambia kwa upole kwamba hela hizo zingemaliza uzio na kisima, na chenji ikabaki. Sikuwahi. Mama Neema, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anakoroma, alishanipokonya simu. Mke wangu ni Mhaya. Mpare kuoa Mhaya ni kufuli kuoa mlango ambao haujawahi kufungwa.

Basi nikatoa kaunta buku langu, nikapiga mistari. Cha kwanza nilichogundua ni kwamba siku tisa si siku tisa. Dar hadi Addis Ababa, Addis hadi São Paulo saa kumi na mbili na ushee hewani, kisha São Paulo hadi Lima nyingine tano. Kwenda na kurudi, na kusubiri kwenye viti vya chuma, siku tatu zimeliwa na anga. Zimebaki sita. Na mwenzangu alikuwa ameshataja Lima, Cusco, Machu Picchu, Buenos Aires na Rio kwa pumzi moja kama kondakta anayetaja vituo. Tatu za kwanza ziko Peru, Machu Picchu ikiwa gofu la mji wa Wainka, watawala wa Andes kabla ya Wahispania; Buenos Aires iko Argentina, Rio iko Brazil.

"Mama Neema, Lima na Buenos Aires zimeachana zaidi ya kilomita 3,000."

"Ndege si zipo?"

Buenos Aires nikaikata kwa kisingizio cha baridi: Julai kule ni kipupwe kama kwetu, ila chao kinaingia kwenye mifupa. Rio nikaiachia siku moja, kwa ajili ya ile sanamu ya Yesu juu ya mlima Corcovado, mita 30 bila kuhesabu kitako chake, imenyoosha mikono tangu 1931. Mimi ni mzee wa kanisa. Nitamkataje Yesu kwenye bajeti?

Tukaanza na Lima. Neema alituma jina la mgahawa wa kifahari mtaa wa Miraflores, unaotazama gofu liitwalo Huaca Pucllana. Nikaangalia picha. Ni kilima cha matofali ya udongo mbichi, yamesimamishwa wima kama vitabu kwenye rafu, yapo hapo zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu Lima mvua hainyeshi, ni ukungu tu. Usiku wanakimulika taa, watu wanakula wanakitazama. Jamani. Nyumba niliyozaliwa ilikuwa ya udongo mbichi. Tulikula tukiitazama kila siku, ikituangukia vipande kwenye bakuli, na hakuna aliyetuletea leso ya kitambaa. Na kwenye sahani chakula cha kwanza ni sebiche: samaki mbichi aliyekamuliwa ndimu. Mama Neema kakulia kando ya ziwa, anajua sato, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanampika saa ngapi?" Hawampiki, mke wangu. Ndiyo hadhi yenyewe.

Lakini niliyoyasoma kuhusu Cusco ndiyo yaliyoniondolea usingizi.

Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Niliwahi kupeleka kidato cha tatu Kilimanjaro hadi kibanda cha Mandara, mita 2,700, na mtoto mmoja alitapika mpaka akaahidi kuacha utoro. Cusco ni juu ya hapo kwa mita 700, unakaribia kibanda cha juu yake, Horombo, ila kuna mji mzima, kuna makanisa, kuna foleni ya magari. Mtu anatoka Lima pwani, ndege inapanda saa moja na kitu, anashushwa huko kichwa kinagonga kama mashine ya kusaga. Wenyewe wanauita ugonjwa huo soroche, na dawa yao ya kwanza ni chai ya majani ya koka. Ndiyo, koka hiyo hiyo ya kokeini. Peru majani yake ni halali, wazee wanatafuna, wageni wanapewa kikombe mapokezi. Sasa mzee wa kanisa nirudi Kigamboni nianze kueleza kwamba ilikuwa chai tu.

Nikadhani basi kwenye hoteli za bei kubwa kuna ahueni. Ipo! Kuna hoteli moja hapo Cusco, zamani ilikuwa seminari, ambayo wanakupulizia oksijeni chumbani ukiongeza dola. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Wanauza hewa. Kumbe hii ninayovuta hapa kibarazani bure, pamoja na harufu ya dagaa, mahali pengine ni huduma ya ziada! Nikamwambia Mama Neema kwamba mimi nitavuta ya kawaida, yeye avute ya kulipia, tulale chumba kimoja. Akasema na sisi Wapare tutaombewa.

Ualimu ukanisaidia kidogo. Nikaona ukitua Cusco usilale. Ingia gari, shuka Bonde Takatifu, kule Urubamba ni chini kwa kama mita 500, zoea hapo, nenda Machu Picchu ambako ni chini zaidi, kisha Cusco yenyewe iwe ya mwisho mwili ukiwa umeshakubali yaishe. Nilifurahi sana na mpango huo mpaka nikasoma urefu wa Machu Picchu. Mita 2,430.

Shengena ni zaidi ya mita 2,460.

Nilikaa kimya. Nimetumia utoto wangu wote nikipanda kilele kirefu kuliko hicho, peku, kufuata kuni, na hakuna aliyenikatia tiketi wala kunipigia makofi. Nikampigia kaka yangu mkubwa Chome nimweleze. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanakulipia ukapande mlima? Mimi hapa nina magunia sita ya tangawizi yanataka kushushwa barabarani. Njoo, nitakupa na chai."

Na si mlima tu. Kinachosifiwa kule ni matuta! Wainka walikata mlima ngazi kwa ngazi, wakaushika kwa kuta za mawe, wakalima, wakachimba mifereji ya maji. Karne ya 15 hiyo, enzi za mtawala wao Pachacuti. Mimi matuta nimeyachimba kwa adhabu. Mifereji nimeizibua zamu ya usiku, maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, yakifunguliwa mashamba ya chini. Sasa natakiwa niyatazame kwa mshangao huku mwongozaji akinieleza faida zake.

Tena usidhani unaingia kama unavyoingia sokoni. Tiketi ina saa yake na njia yake, ukishapita hakuna kurudi nyuma. Mwavuli hauruhusiwi, mke wangu hatoki bila mwavuli hata kwenda dukani. Chakula hakiruhusiwi. Na vyoo, nisikilizeni wenzangu wenye miaka 63 na tezi dume, vyoo viko nje ya lango. Ukitoka umetoka. Ni mojawapo ya maajabu mapya saba ya dunia, yaliyochaguliwa mwaka 2007, na choo kiko nje. Kwenye kaunta buku nimeandika kwa wino mwekundu: SIKU YA 5, HAKUNA CHAI ASUBUHI.

Kufika langoni nako ni shughuli. Hakuna barabara ya gari hadi mji wa chini yake, Aguas Calientes, yaani Maji ya Moto. Unakwenda kwa treni au kwa miguu, halafu basi linapanda kona kwa kona kama lile la kwetu, tofauti ni kwamba hili halibebi mbuzi. Neema katukatia treni ya anasa ya rangi ya bluu na dhahabu, ina wapiga muziki ndani, ina behewa la kutazamia mto. Inaitwa Hiram Bingham, jina la Mmarekani anayesemwa "aligundua" Machu Picchu mwaka 1911. Hapo nikacheka peke yangu. Huyo bwana alipelekwa na mkulima wa hapo hapo, akakuta familia zinaishi na kulima juu kule, na ukutani akakuta jina la mtu wa eneo hilo, Lizárraga, limeandikwa kwa mkaa pamoja na mwaka: 1902. Ni Rebmann yule yule wetu wa 1848, mmisionari wa Kijerumani aliyegundua Kilimanjaro Wachaga wakiwa wameshaichoka. Ila nampa pole Lizárraga. Wanafunzi wangu waliochora majina kwenye madawati niliwachapa; kumbe walikuwa wanaweka ushahidi.

Chakula ndicho kilichonimaliza kabisa. Nilimwambia Mama Neema nitabeba makande ya kukaanga kwenye kopo, maana hao watu wanakula simbilisi, wanamleta mezani mzima na meno yake. Akachukua simu, akasoma kwa sauti ya ushindi: mahindi asili yake Amerika. Maharage, Amerika. Viazi, hapo hapo Andes, vipo vya aina maelfu. Muhogo, karanga, korosho, nyanya, vyote vilivuka bahari kuja kwetu. "Baba Neema, hayo makande unayojivunia ni chakula cha wajomba zao." Miaka 31 nafundisha mazao ya biashara, sikuwahi kuaibishwa hivyo sebuleni kwangu.

Kitu kimoja tu nitakipandia kwa hiari. Cusco kuna ukuta wenye jiwe la pembe kumi na mbili, limekaa na wenzake bila tone la saruji na kisu hakipiti. Tetemeko la 1950 liliangusha majumba na makanisa ya Wahispania, kuta za Wainka zikabaki zinatazama. Nitalipiga picha karibu kabisa, nimletee fundi aliyenijengea uzio kwa mifuko arobaini ya saruji ukapasuka kabla ya masika.

Mpango umekamilika, Neema kaukubali. Juzi ile hoteli imetuma fomu wanauliza tunapenda mto wa kulalia wa aina gani, kuna orodha ya kuchagua. Nimejaza: wowote. Mama Neema kaniambia niifute, kajaza upya, karudi Kariakoo kwa mara ya tatu. Masanduku sasa ni manne, moja ni la viatu peke yake, na kuna kofia inayotaka sanduku lake. Treni ya Machu Picchu hairuhusu sanduku kubwa. Ni begi moja dogo la mkononi kwa kila mtu. Nililisoma hilo wiki mbili zilizopita.

Nitamwambia tukifika stesheni.